Je, Wajua? Kaboni ya Ngitili na Kaboni ya Duara

Je, wajua kwamba ukitaja "kaboni" kwenye maeneo ya wachimbaji wadogo Geita, wengi hawatakumbuka msitu? Watakumbuka punje nyeusi, ngumu, zinazomwagwa kwenye matangi ya kuchenjulia dhahabu. Mchanga wenye dhahabu ukilowekwa katika maji ya sianidi, dhahabu huyeyuka isionekane, na punje zile ndizo zinazoinasa. Nyingi hutengenezwa kwa vifuu vya nazi vilivyochomwa kwenye hewa haba, kisha vikapitishiwa mvuke wa moto mkali mpaka vikajaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Gramu moja ya punje hizo, kuta za vitundu vyake zikitandazwa, hufunika mamia ya mita za mraba. Kaboni iliyoshiba dhahabu hulindwa usiku kucha.

Kaboni hiyo ni ileile inayojadiliwa kwenye mikutano ya mabadiliko ya tabianchi. Ilikuwa hewani, ikaingia kwenye kuti la mnazi, ikawa kifuu. Ndugu yake iliyoingia kwenye jani la mninga huko Bukombe, au la mgunga wa Kishapu, imekuwa gogo. Leo tunamfuata huyo ndugu: anavyoingia msituni, anavyokaa, na anavyotoka kadiri msitu unavyoongeza umri.

Je, wajua kwamba mti haujengwi kwa udongo? Jan Baptist van Helmont, mtaalamu aliyeishi katika nchi tunayoiita leo Ubelgiji, alipanda mche ndani ya ratili 200 za udongo uliokaushwa. Kwa miaka 5 hakuupa kitu ila maji. Mwishoni mti ulikuwa na ratili 169, na udongo ulipokaushwa na kupimwa tena ulikuwa umepungua kama aunsi 2 tu. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1648. Yeye alihitimisha kwamba mti wote umetokana na maji. Sehemu kubwa ya jibu ilikuwa inampita puani kila akivuta pumzi: hewa ukaa, ambayo jani huivuta, likaichanganya na maji kwa nguvu ya jua, likapata sukari. Sukari hiyo ndiyo hugeuzwa kuwa mbao, gome, mzizi na ua.

Na uzito wake je? Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni. Wataalamu hutumia asilimia 47. Kila kilo 1 ya kaboni inaporudi hewani huungana na oksijeni na kuwa kilo 3.67 za hewa ukaa. Chukua mninga ambao ukikaushwa wote, shina na matawi, una tani 1. Ndani yake mna kilo 470 za kaboni, na zikiungua zote zinatoa takribani tani 1.7 za hewa ukaa, sawasawa na kuchoma lita 750 za petroli. Bodaboda inayokwenda kilomita 40 kwa lita ingemaliza kilomita 30,000 kwa mafuta hayo. Mti mmoja.

Je, wajua kwamba mti nao unapumua? Kati ya kaboni yote ambayo majani yanavuta, karibu nusu hurudi hewani kwa pumzi ya mti wenyewe, maana kuishi kunagharimu. Inayobaki ndiyo mti hujengea mwili. Nayo haikai yote mahali pamoja. Nyingine inakwenda kwenye majani yatakayopukutika kiangazi, nyingine kwenye mizizi, nyingine wanapewa kuvu walioshikamana na mizizi ya miyombo. Uyoga unaouona ukiibuka chini ya miyombo mvua zikianza, ule ambao akina mama huupanga kwa mafungu kando ya barabara, umelishwa na mti kwa sukari iliyotengenezwa juu kabisa kwenye jani.

Wajua kwa nini miyombo huchipua majani mekundu Septemba na Oktoba, wakati ardhi imekauka na hakuna hata tone la mvua? Mti unakula akiba. Msimu uliopita ulijiwekea wanga kwenye shina na mizizi, na sasa unautoa kuvika matawi kabla mvua hazijafika. Shika neno hilo, akiba, maana tutalirudia. Ndilo linaloeleza pia kwa nini kisiki cha Shinyanga hakikubali kufa.

Sasa tuje kwenye umri.

Je, wajua kwamba msitu mchanga unavuta kaboni kwa pupa lakini una ghala dogo, na msitu mzee unavuta taratibu ilhali ghala lake limejaa? Watu wengi huchanganya mambo haya mawili: kasi ya kuingia, na wingi uliokwisha kuingia. Shamba lililoachwa likaota miti huongeza uzito mwaka hadi mwaka. Watafiti waliopima mashamba yaliyoachwa katika miyombo ya Nhambita, Msumbiji, na kuchapisha matokeo mwaka 2008, walipata ongezeko la takribani tani 0.7 za kaboni kwa hekta kwa mwaka kwenye mashina. Ni kasi nzuri. Lakini miyombo iliyokomaa huwa na tani 20 hadi 40 na zaidi za kaboni kwa hekta juu ya ardhi. Piga hesabu mwenyewe: kilichoangushwa kwa wiki moja ya msumeno kinadai miaka 30, 40 au 50 kurudi. Aliyekata akiwa kijana ataiona miti hiyo akiwa babu, kama hakuna atakayeikata tena katikati.

Je, wajua kwamba mti ulionenepa mara mbili hauna kaboni mara mbili? Una karibu mara tano au sita. Unene ukiongezeka, shina linapanuka pande zote, urefu unaongezeka na matawi yanakuwa mashina madogo yenyewe. Mwaka 2014 jarida la Nature lilichapisha uchambuzi wa spishi 403 za miti kutoka pande nyingi za dunia, na katika nyingi kati ya hizo mti mkubwa ndio uliokuwa ukiongeza uzito mwingi zaidi kwa mwaka kuliko mti mdogo. Zamani ilidhaniwa kwamba mti mzee amestaafu. Kumbe anafanya kazi kuliko vijana wake.

Lakini tahadhari: mti mmoja mzee kuendelea kunenepa si sawa na msitu mzee wote kuendelea kunenepa. Katika msitu mzee kila mwaka kuna miti inayoanguka, inaoza, na kuacha mianya ambamo midogo inapigania jua. Kwa miaka mingi wanaikolojia walishikilia kwamba msitu uliokomaa unaingiza kaboni kiasi kilekile unachotoa. Mwaka 2008, Sebastiaan Luyssaert na wenzake walionyesha, kwa vipimo vya misitu yenye umri wa miaka 15 hadi 800, kwamba mingi kati ya ile mizee ilikuwa bado inaongeza. Na katika misitu ya mvua ya Afrika, vipimo vya viwanja 244 katika nchi 11 vilivyochapishwa mwaka 2020 vilipata wastani wa tani 0.66 za kaboni kwa hekta kwa mwaka kati ya 1985 na 2015. Misitu hiyo haikuwa imepandwa na mtu.

Wajua Ng'wanamalundi? Kila Msukuma aliyelelewa na bibi anaijua habari yake: kwamba alinyoosha kidole kuelekea msituni na miti yote ikakauka. Tuchukue hadithi kama ilivyo na tuulize swali la kaboni. Miti ikikauka ikiwa imesimama, kaboni yake inakwenda wapi? Siku hiyo haiendi popote. Kukauka kunasimamisha kuingia. Kutoka kunafuata pole pole, kwa miaka, kazi hiyo ikifanywa na kuvu, bungua na mchwa. Mti mgumu uliokufa wima unaweza kukaa miaka mingi ukiwa bado umeshika sehemu kubwa ya kaboni yake, huku ndege wakipata mashimo ya kutagia. Kinachoiachilia yote kwa mkupuo ni moto.

Na mchwa je? Kichuguu unachokiona katikati ya mbuga ni kiwanda. Mchwa hubeba majani makavu na vijiti, wengine hulima kuvu chini ya ardhi ili iwayeyushie chakula, na kaboni hutoka kwenye tundu za kichuguu kama hewa ukaa pamoja na methani kidogo. Nyingine hubaki kwenye udongo wa kichuguu, ndiyo maana wakulima wengi huupenda udongo huo.

Je, wajua kwamba upungufu wa miti Shinyanga ulitengenezwa na watu, tena kwa mpango? Hapa tukae kidogo, kwa sababu habari hii ni kubwa na haisimuliwi inavyostahili.

Enzi za ukoloni wa Mwingereza, Shinyanga ilikuwa makao ya utafiti wa mbung'o. Aliyeuongoza ni Charles Swynnerton, na mpaka leo aina moja ya mbung'o wa huku inabeba jina lake, Glossina swynnertoni. Mbung'o huleta malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe, naye hujificha kwenye vichaka na kivuli. Dawa iliyotumika ilikuwa kumwondolea nyumba: maelfu ya Wasukuma walihamasishwa na watemi wao kufyeka vichaka, eneo baada ya eneo, kuanzia miaka ya 1920. Swynnerton alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1938, lakini ufyekaji uliendelea. Ng'ombe walipona. Wakaongezeka. Mashamba ya pamba nayo yakala nchi. Kisha operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu kutoka kwenye maboma yao ya asili, na malisho yaliyokuwa na mwenyewe yakabaki bila wa kuyatazama. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, Mwalimu Nyerere aliiita Shinyanga jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 ukaanzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni, kama miradi mingi ya wakati ule, ulitegemea sana vitalu vya miche. Baadaye wataalamu walikubali kujifunza kwa wenyeji, na hapo ndipo mambo yalipobadilika. Wasukuma walikuwa na ngitili tangu zamani: sehemu ya malisho inayofungwa mvua zikianza, nyasi na miti ikaachwa ikue, kisha ikafunguliwa kiangazi kikikolea ili ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai wa kulimia wasife njaa. Ni akiba. Lile neno tuliloshika kwenye mizizi ya miyombo linafanya kazi ileile kwenye boma la mfugaji.

Je, wajua ukubwa wa kilichofuata? Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa kwenye kumbukumbu mkoani Shinyanga zilikuwa hekta 600 hivi. Mpango ulipokuwa unafikia mwisho wake mwaka 2004, makadirio yalikuwa kuanzia hekta 300,000 hadi 500,000, katika vijiji zaidi ya 800. Kumbuka kwamba Shinyanga ya wakati ule ilijumuisha Bariadi, Maswa na Meatu, ambazo tangu 2012 ziko Mkoa wa Simiyu, na pia Bukombe, ambayo mwaka huohuo ilikwenda Mkoa mpya wa Geita. Kwa hiyo ngitili na dhahabu ni majirani wa damu, si majirani wa ramani tu.

Utafiti uliotolewa mwaka 2005 na Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na shirika la uhifadhi la IUCN ulikadiria kwamba ngitili zilizorudishwa zilimpa kila mtu thamani ya dola 14 kwa mwezi, wakati wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini nchini ulikuwa dola 8.50. Waliohesabu mimea walipata spishi 152 za miti, vichaka na mimea inayotambaa. Waliohesabu ndege walipata aina 145. Mimi hesabu inayonigusa zaidi ni ya mwanamke ambaye kuni zimerudi nyuma ya nyumba yake, ila sijui kipimo gani kingeitosha.

Wajua nani alilinda? Vijiji vyenyewe. Dagashida, baraza kubwa la jadi la Wasukuma, lilikaa na kuamua mipaka na adhabu. Sungusungu, walioibuka miaka ya mwanzo ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, walikamata pia waliokata miti ndani ya ngitili. Aliyekamatwa alitozwa mchenya, faini ya jadi.

Je, wajua kwamba sehemu kubwa ya miti hiyo haikupandwa? Niliwahi kuonyeshwa kisiki cha mninga kwenye ngitili moja kandokando ya barabara ya vumbi. Kilikuwa kimekatwa kwa shoka muda mrefu, juu kimepasuka na kuwa kijivu, mchwa wamekula katikati. Ungepita ukasema kimekufa. Lakini pembeni, gome linapokutana na udongo, kulikuwa na machipukizi saba. Mzee aliyekuwa nasi alikwangua moja kwa ukucha. Utomvu mwekundu ukatoka kama damu ya kidole kilichochomwa mwiba. Mizizi chini ilikuwa hai miaka yote hiyo, ikirudisha machipukizi kila baada ya mvua, na kila mwaka mbuzi wakiyala. Siku mbuzi walipozuiwa, yakapanda. Mzee akaacha mawili yaliyonyooka, mengine akayapunguza kwa kisu ili yasigombanie chakula.

Mche wa kitaluni huanza na vijani viwili na mzizi wa urefu wa kidole. Chipukizi la kisiki huanza na mizizi ya mti mzima na akiba yote ya wanga iliyobaki. Ndiyo maana linakimbia.

Na chini ya miguu je? Katika miyombo na mbuga, mara nyingi kaboni iliyomo udongoni ni nyingi kuliko ile ya shina na matawi. Udongo mweusi wa mfinyanzi, ule wa mbuga unaopasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa kiangazi, huikumbatia kaboni ikakawia kuoza kuliko udongo wa kichanga. Ila jembe likiingia, hewa inaingia pamoja nalo. Vipimo vya Malawi vilivyochapishwa mwaka 2004 vilionyesha udongo wa mashamba ukiwa na kaboni pungufu kwa takribani asilimia 40 kuliko udongo wa miyombo. Hiyo haionekani kwa macho. Hakuna moshi, hakuna gogo lililoanguka. Inapotea kimya kimya, msimu kwa msimu, nayo huchelewa kurudi kuliko miti.

Je, wajua kwamba tarehe ya moto ni muhimu kuliko moto wenyewe? Huko Ndola, Zambia, mwaka 1933 walitenga viwanja vya miyombo: kimoja hakikuchomwa kamwe, kingine kilichomwa kila mwaka mapema nyasi zikiwa na unyevu, kingine kila mwaka mwishoni mwa kiangazi. Miongo ilipopita, kile kisichochomwa kilijaa miti na kuelekea kuwa msitu mzito. Kilichochomwa mapema kilibaki miyombo. Kilichochomwa Septemba na Oktoba, nyasi zikiwa kavu kama karatasi, kiligeuka uwanda wa nyasi wenye miti ya kuhesabu. Wachungaji wa kwetu wanajua hili kwa uzoefu: moto wa Mei unapita, moto wa Oktoba unabaki.

Ghala nazo hazifanani kwa kila mti. Mpingo, kwa haraka: ubao wake unazama majini, na mti huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia ukubwa wa kuvunwa. Ghala lake ni dogo kwa umbo, zito kwa kilichomo. Mbuyu ni kinyume chake. Shina lake limejaa maji kuliko ubao, kwa hiyo unene ule wote una kaboni kidogo kuliko unavyodhania, japo baadhi ya mibuyu ya kusini mwa Afrika imepimwa umri ikapita miaka 2,000.

Je, wajua mkaa unatoka kiasi gani kwenye mti? Rudi kwa mninga wetu wa tani 1. Kwenye tanuri la udongo la kawaida, mchomaji anapata kilo 100 hadi 200 za mkaa, yaani magunia mawili hadi manne ya kilo 50, na hapo hatujasema lumbesa. Mengine yote yanakuwa moshi. Ukisimama karibu na tanuri utaona: siku za kwanza moshi ni mweupe, mzito, huo ni maji yakitoka, baadaye unageuka wa buluu hafifu, na mchomaji anajua kuni zimekuwa mkaa, anaziba matundu kwa udongo na kusubiri. Katika moshi huo kuna methani na hewa nyingine ambazo, kwa uzito uleule, zinachemsha dunia kuliko hewa ukaa. Gunia linalofika Kahama mjini au Mwanza limebeba mabaki tu ya mti.

Lakini vipande vilivyosahaulika pale pale chini, vikafukiwa na mvua, havirudi hewani upesi. Mkaa uliozikwa udongoni hudumu mamia ya miaka. Hapo punje za mchenjuaji na mabaki ya mchoma mkaa ni kitu kimoja: kaboni iliyopikwa mpaka wadudu hawawezi tena kuila.

Je, wajua matimba? Mchimbaji mdogo yeyote wa Geita, Nyarugusu au Rwamgasa anayajua. Ni magogo yanayopangwa kuzuia kuta za duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, zisiporomoke. Duara linaposhuka, matimba yanashuka nalo, mraba juu ya mraba. Ukifika mdomoni mwa duara asubuhi utayakuta yamelazwa kwa urefu mmoja, gome bado bichi, ncha zake zikinata kwa utomvu. Mkono wa mtu mzima unazunguka gogo moja na kubakiza nafasi ya vidole vichache.

Angalia unene huo. Huo si mti mzee wala si chipukizi. Ni mti wa umri wa kati, ambao umekwisha kupita hatari ya mbuzi na moto, na sasa ungeanza kujaza ghala. Kuukata huo ni kuondoa kaboni kidogo leo na kuondoa mti mkubwa wa miaka 60 ijayo. Chini ya ardhi, kwenye joto na unyevunyevu, kuvu huyashambulia matimba haraka, na kwa usalama wa waliomo ndani lazima yabadilishwe. Simlaumu mchimbaji, timba bovu ni kifo cha watu. Ndiyo sababu nguzo za mikaratusi iliyopandwa, inayofikia unene unaofaa kwa miaka 7 hadi 10, ni jambo la haraka kwa Geita kuliko semina yoyote. Msitu wa Hifadhi wa Geita unapakana na uchimbaji. Nguzo isipotoka shambani itatoka humo.

Migodi mikubwa ina hesabu nyingine. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966, na huu wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000. Shimo la wazi likifunguliwa, miti huondoka kwanza, kisha udongo wa juu unakwanguliwa na kulimbikizwa kando kwa ajili ya kufunikia siku za mbele. Udongo huo ukikaa miaka kwenye lundo bila mizizi inayoulisha, vijidudu vyake vinaendelea kula kaboni iliyomo bila kupata nyingine. Kuurudisha mapema kwenye ardhi, hata kipande kwa kipande, kunaokoa kitu.

Wajua kwamba Geita hiyohiyo ina msitu ambao haujaguswa na msumeno kwa miongo? Kisiwa cha Rubondo, ndani ya Ziwa Victoria, ni hifadhi ya taifa tangu 1977, na sokwe waliopelekwa huko kutoka Ulaya miaka ya 1960 wamezaana na kuwa wa porini. Sehemu kubwa ya kisiwa ni msitu. Mti ukianguka pale unaoza pale, na kaboni yake inagawanywa kati ya hewa, mchwa na udongo.

Mti mrefu kuliko yote inayojulikana Afrika upo Tanzania pia, bondeni Kilimanjaro: mita 81.5, umri unaokadiriwa kufikia miaka 500 hadi 600. Na Bonde la Kongo lina mboji chini ya misitu ya kinamasi yenye tani bilioni 30 za kaboni, kwa makadirio ya mwaka 2017. Ni kama miaka mitatu ya moshi wote wa makaa ya mawe, mafuta na gesi duniani. Huko majani yameanguka kwenye maji yasiyo na hewa kwa maelfu ya miaka, yakakataa kuoza.

Je, wajua msitu unapimwaje? Kwa utepe. Miaka ya mwanzo ya 2010, shirika la TaTEDO likisaidiwa na Norway liliendesha mradi wa majaribio ya kaboni kwenye ngitili za Shinyanga. Kipimo chenyewe ni hiki: mtu anasimama kando ya mti, anaweka alama mita 1.3 kutoka ardhini, kimo cha kifua, anazungusha utepe, anasoma, mwenzake anaandika. Mti baada ya mti, ndani ya duara lililochorwa kwa kamba. Kisha namba zinaingizwa kwenye milinganyo inayogeuza unene kuwa uzito. Leo nchi ina Kituo cha Taifa cha Kufuatilia Kaboni pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022. Wahadzabe wa Bonde la Yaeda na vijiji vya Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi tayari wanalipwa kwa kulinda misitu yao. Kati ya 1995 na 2010 Tanzania Bara ilikuwa ikipoteza zaidi ya hekta 370,000 za misitu kila mwaka. Naona haki ingekuwa kumlipa kwanza anayelinda mti mzee uliosimama, kabla ya kumshangilia anayepanda mche, kwa sababu mche unaweza kuupanda mwaka wowote.

Wajua ngitili inafunguliwaje? Julai hivi, nyasi zimekuwa za rangi ya dhahabu na zimefika tumboni mwa ng'ombe. Sehemu moja inafunguliwa, nyingine zinabaki zimefungwa. Ng'ombe wanaingia wakiwa na njaa ya mwezi mzima. Kaboni ya nyasi inapita tumboni mwao, nyingine inatoka kwa pumzi na kwa mbweu, nyingine inaachwa chini kwa mavi. Juu yao migunga imesimama, shina nene kwa nusu sentimita hivi kuliko mwaka jana.